Jiwe la Kilo la Ndugu Massawe

Kwenye orodha niliyowakabidhi wiki niliyoondoka, kifaa cha mia moja na kumi na mbili kimeandikwa hivi: "Jiwe la mizani, chuma, kilo moja. Lisitumike." Mmeniandikia kuuliza kama ni kosa la kuandika. Si kosa. Nimeshika stoo na meza ya ufundi wa bastola za shabaha kwa miaka mingi kuliko umri wa mkubwa wenu, na orodha ile niliihesabu mara mbili, ya tatu nikampa mtu mwingine aihesabu mpaka akanuna. Lakini kwa kuwa mmeuliza, na kwa kuwa sasa nina muda wa kutosha hata wa kuwachunguza kuku wa jirani, nitaeleza. Ila nitaanzia mwanzo. Vyeo nitaviruka, vilikuwa viwili tu. Mshahara mnaujua, ni huo huo wenu.

Nilianza kazi wakati sabuni inapatikana kwa foleni na foleni inapatikana kwa kujuana. Klabu ilikuwa na chumba kimoja cha nyuma katikati ya mji, dirisha la nondo, mlango wa makufuli mawili. Ufunguo mmoja alikaa nao fundi, wa pili alikaa nao karani, ili asiwepo mtu wa kuingia peke yake. Kwa hiyo mmoja akiugua malaria, klabu nzima iliugua. Nilipelekwa pale kuwa karani kwa sababu baba yangu alikuwa fundi wa reli mtaa wa Gerezani, na bwana aliyenihoji aliamini kwamba kushika tupa kunarithiwa kama pua.

Fundi alikuwa Mzee Hasmukh, Mhindu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa shaba, asiyekula nyama wala yai. Maisha yake yote alitengeneza silaha na hakuwahi kuua hata panya wa stoo. Alimtega panya kwenye kopo la maziwa, akavuka naye barabara, akamwachia upande wa pili kwa heshima. Panya alirudi kabla ya chai ya saa nne. Wote wawili walionekana wamezoea.

Siku yangu ya kwanza nilimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Hesabu hizi."

Akanisukumia bati la risasi. Juu ya bati paliandikwa mia nne. Nikahesabu, nikapata mia tatu tisini na nane. Nikaona aibu kumsahihisha mzee siku ya kwanza, nikasema mia nne.

"Umehesabu mara ngapi?"

"Mara moja."

"Rudia."

Nikapata mia tatu tisini na nane. Akafungua kiganja, risasi mbili zilikuwa humo. "Mara ya kwanza," akasema, "umehesabu karatasi. Mara ya pili umehesabu risasi. Hapa hatutunzi karatasi." Tangu siku hiyo nahesabu kila kitu mara mbili, mpaka ngazi za hospitali. Wanangu wanalijua hilo na wanalichukia.

Kwa ambaye ni mgeni kabisa kati yenu: bastola ya shabaha si ya kujilindia. Mwizi akiiona atadhani ni mashine ya kushonea viatu. Ina mtutu mrefu, ina uzito wa kuchosha, na inakula risasi nyembamba kuliko penseli, ile tunayoiita pointi tuu-tuu. Baruti ya kuiwasha imewekwa ukingoni mwa kitako cha risasi, si katikati. Ndiyo maana hamruhusiwi kuifyatua tupu: pini haikuti risasi, inagonga ukingo wa chuma, na siku moja inavunjika. Ukitaka kuijaribu triga, weka ganda tupu kwanza. Hilo nimelisema mara nyingi kuliko jina langu.

Mzee Hasmukh alikuwa na desturi nyingine ambayo wakati ule niliiona ni uzee. Kila shehena ikija, alichukua risasi chache akazipeleka kwa shemeji yake sonara, akazipima kwenye mizani ya dhahabu. Yenye upungufu wa baruti hujulikana hapo. "Kumbuka, binti," alisema, "tatu ni gramu kumi. Tatu zisipofika kumi, kuna mtu kiwandani alikuwa na haraka." Nikakumbuka. Tatu ni gramu kumi. Sikujua nitakula nini na habari hiyo.

Sasa Ndugu Massawe. Alikuwa mtu wa Kilimanjaro, muuzaji wa jumla Kariakoo: maharage, dengu, mchele ukiwapo. Mimi nilikuwa mteja wake kabla hajawa mteja wangu. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kumwagia mtu chai, na ukimlalamikia bei alikuunga mkono kwa nguvu kuliko wewe mwenyewe, halafu bei ikabaki palepale. Bastola yake aliinunua kwa mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao, akapata leseni kwa kujiunga na klabu, akaileta stoo imefungwa kwenye karatasi ya kaki ya sukari. Ilikuwa bastola nzuri. Niliisikitikia mapema.

Maana Ndugu Massawe hakutaka kupiga shabaha. Alitaka kuipamba. Mnawajua watu wanaonunua baiskeli wakaitia vioo vinne, maua ya plastiki, kengele mbili na kitambaa cha kiti chenye nyuzi, halafu wanaikokota kwa sababu hawataki ichafuke. Wiki ya kwanza alileta darubini ya bunduki ya kuwindia nyati, anataka ifungwe juu ya mtutu.

"Hairuhusiwi, ndugu. Kanuni inataka vilengeo vya wazi."

"Lakini nikiitazama humo naona mpaka nzi."

"Shindano si la nzi."

Wiki ya pili alileta mfuko wa ngozi ulioshonwa na fundi viatu, wenye vifungo vitatu na jina lake kwa herufi za kumeta. Kuitoa bastola humo kulichukua muda wa kutosha kupika wali. Kisha akataka vyuma vya uzito chini ya mtutu, kwa sababu aliona picha. Tukamfungia. Mkono ukamtetemeka kama wa mtu anayebeba ndoo. Tukamfungua. Akasema labda mpini ndio mbaya.

Mpini. Hapo ndipo nilipoanza kuumwa kichwa cha upande mmoja. Mpini wa bastola ya shabaha huchongwa ufuate mkono wa mwenyewe, kila kidole na nyumba yake. Seremala wa Buguruni, hodari kabisa, alikubali kuuchonga kwa mti wa mninga, akataka alama ya mkono. Huko kwao zilikotoka bastola hizi kuna udongo maalumu wa kazi hiyo. Sisi tungetumia unga wa ngano, lakini unga wa ngano wakati ule ulikuwa habari tu. Nikasonga ugali mgumu, nikauacha upoe, nikamwambia akamate.

"Nikamate vipi?"

"Kama umeshika bastola, ndugu. Si kama unakula."

Akakamata kama anakula. Seremala akachonga alichopewa. Ukaja mpini mzuri ajabu, umeng'arishwa kwa msasa na nta, unaomfaa mtu mwenye tonge. Tukasonga ugali wa pili. Mpini wa pili ulimkaa mkononi lakini ulikuwa mrefu, na kanuni inasema bastola nzima iingie ndani ya sanduku la kipimo bila kusukumwa. Tukaukata. Mzee Hasmukh aliutazama mkato ule akasema kwa upole, "Pima, halafu pima, halafu kunywa chai, halafu ndiyo ukate." Chai tuliyokuwa nayo siku hiyo haikuwa na sukari. Labda ndiyo sababu.

Halafu Ndugu Massawe akaialika familia nyumbani kuja kuiona, akawafyatulia tupu sebuleni mpaka pini ikavunjika. Hakuishia hapo. Akataka kuitengeneza mwenyewe kwa kisu cha jikoni, akaipoteza springi ya triga. Pini tulichonga sisi. Springi alisokota kijana mmoja hodari wa Gerezani kwa waya aliousema ni wa kinanda, nami nilidhani ni wa breki ya baiskeli. Ilifanya kazi, ila ilikuwa na tabia. Skrubu ukiilegeza kidogo, triga inakuwa nyepesi mno. Ukizidisha kukaza hata robo mzunguko, waya unabana na triga inakuwa kama msumari ukutani. Katikati pale palikuwa na upenyo mdogo, na huo upenyo ndio tulioishi nao.

Mzee Hasmukh aliondoka mwaka huo. Mwanawe alikuwa ng'ambo, akamwita. Shemeji yake sonara aliondoka naye, na mizani ya dhahabu ikaondoka, na lile jiwe la shaba la kilo moja ambalo klabu ilikuwa ikiazima kwa shemeji likaondoka pia. Asubuhi ya mwisho alinipa ufunguo wake, akanipa na bisibisi zake saba kwenye kitambaa. Nikazihesabu mbele yake mara mbili. Alifurahi kuliko kama ningelia.

Kamati ya klabu ilikuwa na mashaka na mwanamke mwenye funguo mbili. Waliamua kunitazama kwa mwaka mmoja. Wanachama walikuja dirishani wakauliza, "Fundi yuko wapi?" Nikawaambia fundi ndiye huyu anayewasikiliza. Wakasema, "Sawa, dada, lakini fundi atarudi saa ngapi?" Tuliandika barua kuomba jiwe jipya la kilo. Barua ikajibiwa kwa barua.

Jiwe lilikuwa la lazima, na hapa msikilize vizuri. Triga ya bastola ya shabaha haitakiwi kuwa nyepesi kupita kiasi. Kanuni ya mashindano yetu ilisema lazima ihimili kilo moja. Mwamuzi anaweka jiwe la kilo chini, ndoana yake anaitia kwenye triga, bastola ikiwa imekokiwa na haina risasi, kisha anaiinua polepole, mtutu ukitazama juu. Jiwe likiinuka na bastola ikanyamaza, umepita. Ikifyatuka, umeanguka. Anajaribu mara tatu. Ukianguka unakwenda kurekebisha, unarudi mara moja tu. Ya pili ukianguka unarudi nyumbani.

Na Ndugu Massawe hakuwa na ruhusa ya kurudi nyumbani. Leseni yake ilikuwa imeandikwa sharti kwa mkono na bwana wa leseni: bastola ni ya michezo, basi mwenye nayo ashiriki mashindano walau mara moja kwa mwaka, la sivyo aisalimishe. Mwaka ule klabu ilikuwa na shindano moja tu, kwa sababu risasi zilikuwa chache, na Ndugu Massawe alikuwa ameutumia mwaka wote kwa ugali na darubini. Asiposhiriki siku hiyo, bastola inakwenda. Na fomu ya kuthibitisha kwamba bastola iko sawa ilikuwa na sahihi moja chini, ya kwangu. Ingekuwa bastola ya kwanza niliyoitia sahihi peke yangu.

Siku moja kabla, nilimfuata dukani kwake kumwambia hatuna jiwe. Akacheka. "Dada Zuhura, unakuja Kariakoo kutafuta jiwe la kilo? Hiyo ni kama kwenda baharini kutafuta chumvi." Akanimwagia chai, akaingia nyuma, akatoka na jiwe la chuma jeusi lenye pete ya kulishikia. Nililigeuza. Kwa chini, mawe haya yana tundu lililojazwa madini ya risasi, na juu ya madini hayo mkaguzi hupiga muhuri. Madini yalikuwapo, ya kijivu. Muhuri ulikuwapo. Chai ilikuwa na sukari.

Nikaenda nalo stoo, nikarekebisha springi ile yenye tabia, nikaweka ganda tupu, nikainua. Ikabeba. Nikainua tena. Mara kumi ikabeba. Yaani nilijaribu triga mara kumi na jiwe nikalitazama mara moja. Masonara wengine walikuwapo mtaa wa pili, mwendo wa dakika tano. Sikwenda. Nilikuwa nimemchoka Ndugu Massawe, na mtu ukimchoka unataka kazi yake iishe, hutaki iwe sahihi. Andikeni hilo mahali.

Shindano lilikuwa Jumapili, nje ya mji, asubuhi. Wakati ule Jumapili magari hayakuruhusiwa barabarani baada ya saa nane mchana, kubana matumizi ya mafuta, kwa hiyo kila kitu kilikwenda mbio na mwamuzi alitazama saa kama mtu anayedaiwa na jua. Tulikuwa na risasi sitini na tano za Ndugu Massawe: sitini za kupiga, tano za akiba. Nilizihesabu. Kwenye mstari wa ukaguzi, nyuma yetu, alisimama mpigaji mwenzetu mmoja, bwana mpole wa ofisi ya mizani na vipimo. Siku hiyo alikuja kwa michezo tu. Ndugu Massawe alimsalimia mara tatu.

Sanduku tulipita. Mpini uliingia kama mkate kwenye karatasi. Kisha mwamuzi akafungua kasha lenye kitambaa chekundu, akatoa jiwe la shaba linalong'aa, akatia ndoana, akainua. Tak. Akainua tena. Tak. Ya tatu akaifanya polepole mpaka nikaona jiwe limeachana na meza kwa unene wa kucha. Tak.

"Rekebisheni," akasema. "Nusu saa. Mnarudi mara moja."

Nikaichukua bastola mpaka kwenye benchi letu. Jiwe la Kariakoo nilikuwa nimeliacha pale juani, limelala ubavu. Nikalishika, kidole kikateleza. Chini ya jiwe, pale penye madini na muhuri, palikuwa panatoa jasho. Tone jeusi lilikuwa limeanza safari. Nikalinusa. Nta. Nta ya mshumaa iliyosuguliwa unga wa penseli, na muhuri umekandamizwa juu yake.

Wakati huohuo yule bwana wa vipimo akasogea, mikono nyuma, kwa moyo mwema kabisa.

"Poleni. Jiwe lenu mlilojaribia ni hilo? Lina muhuri wa mwaka gani?"

Nililiweka kwenye benchi nikalikalia. "Muhuri upo, ndugu," nikasema. "Nimeuona kwa macho yangu." Wala sikusema uongo. Nta ilikuwa inaingia kwenye gauni langu la bluu, na gauni hilo halijapona mpaka leo. Bahati ikawa, akaitwa mezani na bastola yake.

Nikamgeukia Ndugu Massawe. Alikuwa anatazama miti.

"Linapungua kiasi gani?"

"Nini?"

"Jiwe, ndugu."

"Hilo? Hilo jiwe halali. Sisi tunalitumia kila siku."

"Najua mnalitumia kila siku. Mimi nanunua maharage hapo. Nimekuuliza, linapungua gramu ngapi?"

"Dada Zuhura, punguza sauti."

"Sauti nitapunguza. Gramu siwezi kuzibuni. Springi hii ina upenyo mdogo kama haya yako. Nikikaza kidogo, inafyatuka. Nikizidisha, inakwama. Nataka kilo ya kweli, na kilo ya kweli iko kwa mwamuzi, haazimi. Sasa niambie yako inakosa nini, nijazie."

Akafikiri. Niliona anavyofikiri: kama muuzaji anayemtazama mteja viatu.

"Ishirini."

"Ishirini hazifanyi hivi."

"Basi thelathini."

"Ndugu Massawe, kila kilo ya maharage yako nikiipima nyumbani kwa kikombe inakosa konzi moja. Miaka sita. Nilidhani kikombe changu kimepanuka."

"Konzi inategemea mkono. Kuna mikono mikubwa."

"Ni mkono huu hapa."

Akautazama. "Hamsini," akasema, kwa uchungu wa mtu anayepunguza bei.

"Nakwenda kumwomba yule bwana wa vipimo atusaidie. Ni kazi yake, atafurahi."

"Kaa chini. Dada, kaa chini." Alikuwa na haki ya kuniomba nikae. Nilikuwa nimeinuka nusu na jiwe lilionekana. "Themanini. Sikufichi. Themanini, naapa kwa..."

"Usiape, utapunguza tena."

Sasa jaribuni kuniona pale. Nimekulia Gerezani, nimetumwa Kariakoo tangu sijaweza kuvuka barabara peke yangu. Kama kuna jambo ninalolijua duniani ni kwamba mfanyabiashara akitaja bei ya mwisho, nyuma yake ipo nyingine imejificha. Siku zote nilikuwa nateremsha. Siku hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupandisha. Akasema themanini, nikasikia mia.

Ikabaki kupata gramu mia. Hapakuwa na mizani wala sonara. Palikuwa na nyasi, watu wenye haraka na sanduku la risasi. Tatu ni gramu kumi. Nilimsikia kabisa Mzee Hasmukh, na huko aliko pengine alikuwa anavusha panya. Kilo nzima ni risasi mia tatu, na klabu nzima haikuwa nazo. Lakini gramu mia ni risasi thelathini, na thelathini nilikuwa nazo.

"Leso," nikamwambia Ndugu Massawe.

"Ya nini?"

"Leta leso, ndugu, na ukae ukielekea kule, umzuie yule bwana asinione."

Nikahesabu thelathini ndani ya leso. Nikazitoa, nikahesabu tena. Yeye anahema, "Dada, muda, muda," na mimi natia moja moja. Thelathini. Nikaifunga leso kwenye pete ya jiwe, nikaweka ganda tupu kwenye bastola, nikatia ndoana kwenye triga, nikainua. Tak. Nikakaza skrubu kwa unene wa uzi. Tak. Nikakaza tena, jiwe likaondoka kwenye benchi likiwa na kilemba chake, likaning'inia. Bastola ikanyamaza. Nikainua mara ya pili, ikanyamaza. Nikaondoa jiwe, nikaivuta kwa kidole kuona kama haijakwama. Ikafyatuka, nzito lakini safi.

"Ongeza kidogo kwa usalama," akasema.

"Nikiongeza utakuwa umeshika nyundo. Nyamaza."

Tukarudi mezani dakika mbili kabla ya muda. Yule bwana wa vipimo alikuwa amekwisha kupita, akasimama kututazama, na Ndugu Massawe akamsalimia mara ya nne. Mwamuzi akatia ndoana. Jiwe la shaba likainuka likang'aa juani, likabaki hewani. Akalishusha. "Imepita," akasema, akatia sahihi chini ya sahihi yangu, bila kujua ile ya juu yake ilikuwa imetokwa jasho kiasi gani.

Ndugu Massawe alipiga risasi zake sitini, na ule mpini wa mninga ulimkaa vizuri kweli. Alikuwa wa kumi na moja kati ya wapigaji kumi na wawili. Wa kumi na mbili aliondoka mapema kwa tumbo. Lakini jina lake liliandikwa, karatasi ikagongwa, na bwana wa leseni hakuwa na la kusema mwaka huo. Nilirudishiwa maganda sitini na risasi tano, nikavihesabu. Mara mbili.

Tukiwa tunafunga vitu akanyoosha mkono, bila haya. "Haya, dada. Jiwe langu."

"Jiwe gani?"

"Dada Zuhura."

"Jiwe hili halirudi Kariakoo, ndugu. Na lile jingine ulete."

"Lipi jingine?"

"Hili ni la kuuzia. La kununulia kwa wakulima nalo lina uzito wake. Lete yote mawili."

"Moja," akasema.

"Mawili."

"Moja, na sitakudai leso."

Nikakubali moja, nikijua nimepunjwa, kwa sababu magari yalikuwa yanawashwa na saa nane haingoji mtu. Leso yake ni ile ile iliyofungwa kwenye pete mpaka leo. Ndani yake mtakuta maganda tupu thelathini. Risasi zenyewe alizipiga siku ile ile, maganda niliyaweka kwa kumbukumbu ya hesabu. Kamati ilinithibitisha mwezi uliofuata. Walisema wamefurahishwa na utulivu wangu. Kweli nilitulia. Nilikuwa nimekalia jiwe.

Jumatatu asubuhi nilikwenda mtaa wa pili kwa sonara, ule mwendo wa dakika tano. Nikafungua leso, nikampa jiwe peke yake. Alilipandisha kwenye mizani, akaongeza vijiwe, akapunguza, akavuta miwani.

"Mia tisa na nne."

"Pima tena."

Akapima tena. Mia tisa na nne. Gauni langu lilikuwa limechukua nta ya labda gramu mbili, hizo namsamehe. Yaani mtu yuko karibu kupoteza bastola yake, nusu saa inakatika, mkaguzi wa vipimo yuko hatua kumi, fundi pekee wa kumwokoa anamwuliza neno moja tu, na hata hapo, katika kuungama kwake, alibakiza gramu kumi na nne.

Kwa hiyo acheni orodha ilivyo. Litunzeni, lifuteni vumbi, na kila mwisho wa mwaka lihesabuni mara mbili: ni kifaa kimoja. Si kilo moja.